Seva ya barua pepe nyumbani: ni posta au ni kabati?

Swali hili nimeulizwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na wote walioniuliza ni vijana wa kompyuta kama mimi: "Nina kisanduku cha diski nyumbani, mbona nisiweke seva yangu ya barua pepe humo niachane na hizi kampuni kubwa?" Zamani ningejibu ndiyo bila kufikiri. Baadaye nikawa najibu hapana, tena kwa hasira. Leo nina jibu la tatu, ambalo limenigharimu mimi na watu wengine pesa, kwa hiyo naomba ulisome mpaka mwisho kabla hujasakinisha chochote.

Kwa wale ambao hawajakutana na kisanduku chenyewe: wauzaji hukiita NAS. Ni kompyuta ndogo, ukubwa wa mkate hivi, yenye diski mbili au zaidi, haina kioo wala kibodi. Unaichomeka kwenye rauta na kila simu na kompyuta ya nyumbani inaona mafaili yaliyomo. Synology na QNAP ndizo zinazojulikana sana, ingawa hata kompyuta kuukuu yenye Linux inaweza kazi hiyo. Kwa kuwa inawaka mchana na usiku, mwenye nayo huanza kujiuliza ifanye nini kingine. Na mtu wa programu akianza kujiuliza hivyo, ujue amekaribia kujitafutia matatizo.

Mimi naishi Kibwezi, kando ya barabara kuu ya Mombasa, kati ya Makindu na Mtito Andei. Mama yangu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo vya katani. Barua pepe za kikundi hicho ndizo zilizonifundisha haya yote.

Hasara ya kwanza: tulipoamini cha bure

Mwaka 2014 katibu wa kikundi alifungua akaunti ya barua pepe ya bure, akaandikisha nambari ya simu yake mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya, nani angefikiria? Baadaye aliolewa akahamia pwani, laini ile akaiacha, na kampuni ya simu ikampa mtu mwingine, kama inavyofanyika kwa laini zisizotumika. Mwaka 2021 akaunti ikagoma: weka nambari ya siri tuliyokutumia kwa simu. Simu gani? Nilijaza fomu zote, nikaeleza, nikabembeleza. Aliyejibu alikuwa mashine, na mashine haina huruma. Barua za miaka saba zikaenda hivyo.

Wakati huohuo mnunuzi wetu wa Ulaya akaandika kwa anwani mpya kwamba bei tuliyokubaliana mwaka 2019 ilikuwa chini ya ile tuliyokuwa tunamdai. Akina mama walikuwa na hakika kwamba si kweli. Lakini hakika si karatasi. Makubaliano yalikuwa ndani ya akaunti iliyofungwa, basi tukakubali bei yake. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari letu lilikuwa kwa watu ambao hawatujui.

Hasara ya pili: tulipoamini ujanja wangu

Mimi nikapandwa na hasira za kitaalamu. Nikasema hatutategemea mtu tena. Mwaka 2022 nikapata kisanduku cha diski mbili cha mkono wa pili, nikaandikisha jina la kikundi chini ya .ke, nikalipa ziada nipewe nambari ya IP ya kudumu, nikaweka seva nzima ya barua pepe sebuleni kwa mama. Postfix ya kupokea na kutuma, Dovecot ya kuhifadhi, Roundcube ya kusomea. Ilichukua wikendi mbili. Nilijiona mwamba.

Barua zilikuwa zinaingia vizuri. Nilizojitumia kwa majaribio zilifika pia. Kisha tukatuma bei za oda moja kubwa ya Krismasi. Kimya. Wiki tatu baadaye mama akapiga simu kuuliza, akaambiwa hakuna barua iliyofika. Ilikuwa imefika, lakini ilikuwa imetupwa kwenye takataka pamoja na matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Oda ilikuwa imeshapewa kikundi kingine.

Kosa lilikuwa langu mimi, si la mtu mwingine. Mama hakunigombeza. Alikitazama kile kisanduku kinachowakawaka taa, akaniuliza: "Sasa hii seva yako ni posta au ni kabati?"

Nilianza kumweleza mambo ya itifaki. Halafu nikanyamaza, maana nilikuwa sina jibu.

Kwa nini nyumba ya Kibwezi haiwezi kuwa posta

Hebu tuweke mambo wazi. Kupokea barua na kutuma barua ni kazi mbili tofauti kabisa, ingawa programu ni moja. Aliyezoea kuandika programu hudhani ugumu uko kwenye usanidi. Haupo huko. Maelekezo ya Postfix yapo na ni mazuri, Wietse Venema aliitoa tangu 1998. Ugumu uko kwenye kuaminiwa, na kuaminiwa hakusakinishwi.

1. Mlango namba 25. Seva za barua huongea kupitia mlango huu. Kampuni nyingi za intaneti duniani hufunga mlango huu kwa wateja wa nyumbani, kwa sababu kompyuta za nyumbani zilizoingiwa na virusi ndizo zilizokuwa zikimwaga barua taka.

2. Nambari ya IP si yako. Ukitumia intaneti ya laini ya simu, au Starlink ya kawaida ya nyumbani ambayo imekuwepo Kenya tangu Julai 2023, huna nambari ya umma ya IPv4. Nyumba nyingi zinatoka nje kwa nambari moja, mpango unaoitwa CGNAT. Ni kama ploti nzima kutumia sanduku moja la posta: barua haijui igonge mlango upi.

3. Rekodi ya PTR. Seva inayopokea huuliza: nambari hii ni ya nani? Jibu linatakiwa lilingane na jina lako. Anayeandika jibu hilo ni mwenye nambari, yaani kampuni ya intaneti, si wewe. Yangu ilikuwa inajibu jina refu la namba namba ambalo likitazamwa tu linajulikana ni la mteja wa nyumbani.

4. Orodha za kukataliwa. Shirika la Spamhaus lina orodha iitwayo PBL, yenye nambari za IP ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja. Nambari za majumbani zimo kwa wingi, mara nyingi zimewekwa humo na kampuni za intaneti zenyewe. Hujafanya kosa lolote, umezaliwa tu kwenye mtaa wenye sifa mbaya.

5. Sheria mpya. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na Google wanataka pia PTR iliyo sawa. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC zote. SPF ni tangazo la nani anaruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya kidijitali. DMARC inasema barua isiyopita vipimo hivyo ifanywe nini. Hizi unaweza kuziweka mwenyewe kwa jioni moja. Lakini hazikupi sifa njema. Zinathibitisha tu kwamba ni wewe kweli, hata kama hakuna anayekujua.

Ongeza stima. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima usiku, na haikuwa mara ya mwisho mwaka ule. Watu hudhani stima ndiyo sababu kubwa ya kutoweka seva nyumbani. Kwa kweli kwa upande wa kupokea si mbaya hivyo: kanuni ya SMTP, RFC 5321 ya mwaka 2008, inamtaka mtumaji aendelee kujaribu kwa siku 4 hadi 5 angalau kabla ya kukata tamaa. Barua pepe ilibuniwa na watu waliojua kwamba mitambo huzimika. Kinachokuua si giza la usiku mmoja. Ni kutoaminiwa kila siku.

Basi iwe kabati

Sisi Wakenya hatujawahi kuwa na tarishi wa kuja mlangoni kama wa Ulaya. Barua ya karatasi hufika kwenye sanduku la posta mjini. Unakwenda na ufunguo, unaichukua, unaisoma, kisha unaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na hati ya shamba na vyeti vya shule. Hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kupeleka barua yake London kwa miguu. Na hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kuacha hati ya shamba ilale kwenye sanduku la posta miaka saba.

Hata mtandao ulipoingia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulianza hivyohivyo. Kituo cha mashirika ya mazingira kilichoitwa ELCI kilikuwa kinakusanya barua pepe za watu kwa mfumo wa FidoNet na kuzibadilishana kwa simu na GreenNet ya London. Barua zinasubiri, laini inapigwa, zinabebwa kwa mkupuo. Hakuna aliyehitaji kuwa hewani saa 24 ili awe na barua zake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Barua pepe ina vitu vitatu: jina, tarishi na kabati. Jina lazima liwe lako. Kabati lazima liwe lako. Tarishi mkodi.

Tulivyopanga sasa ni hivi:

Jina. Kikundi kina jina lake chini ya .ke, lililoandikishwa kwa kikundi chenyewe, si kwangu. KeNIC ndio wasimamizi wa .ke, na wapo wasajili wengi wanaouza. Vikundi na mashirika hutumia or.ke, biashara co.ke, na mtu binafsi anaweza kuchukua me.ke. Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na haihitaji kisanduku chochote. Tarishi akikuudhi unahamia kwa mwingine na anwani yako haibadiliki. Weka tarehe ya kulipia upya mahali pasiposahaulika, maana jina lisipolipiwa linaondoka na kila kitu.

Tarishi. Tunalipia sanduku dogo kwa kampuni inayoendesha barua pepe kwa wateja wengi. Inapokea kwa jina letu na inatuma kwa jina letu, na PTR, sifa ya IP na usiku wa manane ni shida zake. SPF, DKIM na DMARC tumeziweka zielekee kwake.

Kabati. Kisanduku cha diski kinatoka chenyewe kila dakika tano kwenda kuchukua barua kwa IMAP. Mimi natumia programu huria ya mbsync inayonakili kila kitu mpaka barua zilizotumwa, na Dovecot inaziwasilisha kwa simu na kompyuta za nyumbani. Ukiwa na Synology kuna MailPlus yenye akaunti tano bila malipo ya ziada, inafaa kwa familia. Mimi nilichagua mfumo wa Maildir kwa sababu ndani yake kila barua ni faili moja la maandishi. Kisanduku kikifa leo, hata mjukuu wangu ataweza kuzisoma kwa programu yoyote. Kwa tarishi tunaacha nakala za siku 30 tu.

Angalia uzuri wake: kisanduku ndicho kinachopiga hodi nje, hakuna anayepiga hodi ndani. CGNAT haina neno. Stima ikipotea siku mbili barua zinasubiri kwa tarishi, ikirudi zinafuatwa. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Kenya ikatambaa kama kobe, akina mama walifungua barua zao za zamani kama kawaida, kwa sababu zilikuwa mita nne kutoka walipokaa.

Tena hakuna mlango uliofunguliwa kwa walimwengu. Hili nalisisitiza. Januari 2022 virusi vya kudai fidia vilivyoitwa DeadBolt viliwapiga watu wengi duniani waliokuwa wameacha visanduku vyao vya QNAP wazi kwenye intaneti. Mafaili yakafungwa na wakadaiwa Bitcoin. Nikiwa safarini nasoma kabati kwa kupitia Tailscale, ambayo hupita hata nyuma ya CGNAT bila kufungua chochote kwenye rauta.

Mambo ya Ukambani ambayo maelekezo ya Wazungu hayasemi

Joto. Visanduku vingi vimeandikiwa mwisho nyuzi 40 za joto la chumba. Nyumba ya mabati Kibwezi mwezi wa Februari inaweza kukaribia hapo bila kuuliza. Changu kiko kwenye chumba cha ndani chenye dari, juu ya rafu, mbali na jiko, na feni yake huisafisha vumbi mara kwa mara.

Stima. Weka UPS ndogo na uiunganishe kwa USB, ili kisanduku kijizime chenyewe kwa heshima betri ikikaribia kuisha. Kinachoharibu diski hapa ni ile ya kupotea, kurudi na kupotea tena. Kisanduku cha diski mbili kama changu hula kama wati 20, yaani kama yuniti 14 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayolipa, ujue kabisa kabla ya kuanza.

Diski mbili si nakala mbili. RAID inakulinda diski moja ikifa. Haikulindi na mwizi, radi, moto au mtoto aliyefuta. Kila mwisho wa mwezi nakala iliyosimbwa kwa neno la siri inatiwa kwenye diski ya nje, na diski hiyo inalala nyumba nyingine. Na mara mbili kwa mwaka tunajaribu kurudisha barua chache kutoka humo. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu ni matumaini tu.

"Lakini tarishi anaweza kusoma barua zako"

Najua utaniambia hivyo. Ni kweli, anaweza. Na unapomwandikia mtu wa Gmail, barua yako iko Gmail hata ungeitumia seva iliyofukiwa chini ya mbuyu. Anayetaka siri asimbe barua yenyewe. Mimi siuzi siri hapa, nauza kumbukumbu. Swali langu ni moja tu: siku mtu mwingine akikufungia mlango, je, daftari lako unalo?

Na hapa nawageukia wenzangu wa programu, maana ugonjwa wetu ni kudhani kwamba kuchukua kitu kutoka kwa kampuni na kukiweka nyumbani kwetu kunatosha. Kumbuka yule waziri wa Marekani, Hillary Clinton, aliyetumia seva ya barua pepe iliyokuwa nyumbani kwake jimbo la New York alipokuwa waziri wa mambo ya nje kati ya 2009 na 2013. Jambo lilipojulikana mwaka 2015 likawa kelele ya dunia nzima. FBI haikupendekeza mashtaka, lakini swali la msingi lilikuwa la haki: barua za umma zinafanya nini ndani ya nyumba ya mtu mmoja?

Barua za kikundi cha mama si zangu. Kama nenosiri liko kichwani mwangu tu na nikapata ajali pale Mtito Andei kesho, nimewafanyia akina mama kilekile walichofanyiwa na ile akaunti ya bure, tofauti ni kwamba mimi wangenililia. Kwa hiyo maneno ya siri yameandikwa kwenye karatasi, yakatiwa kwenye bahasha mbili zilizofungwa kwa gundi. Moja anayo mwenyekiti, nyingine anayo mweka hazina. Ukurasa mmoja wa maelezo umeandikwa kwa Kikamba na Kiswahili, bila neno la kitaalamu linaloepukika. Nilimpa binti wa darasa la kompyuta asiyejua lolote kuhusu mfumo huu, akafuata ukurasa ule akaitoa barua ya mwaka juzi kutoka kwenye diski ya nje. Alichukua dakika kama arobaini. Siku hiyo ndiyo nilijua kazi imekwisha.

Kwa hiyo, ewe uliyeniuliza: weka kisanduku, ndiyo. Weka barua zako humo, zote, leo. Lakini usitume kutoka humo, na usikae na ufunguo peke yako.

Mnunuzi yule wa Ulaya alituandikia tena majuzi kuhusu bei. Safari hii mama alifungua kabati, akaipata barua, akamtumia nakala yenye tarehe. Mazungumzo yakaishia hapo.